Umri wa dereva na rushdi ya dereva: Je, kuongeza miaka kutapunguza ajali?

  

Ndugu msomaji, Ijumaa moja baada ya swala, hapa Murungu katika nyanda za juu za Kigoma, alitujia mama mjane akiwa amefuatana na mwanawe. Kijana yule alikuwa na miaka 17. Marehemu baba yake aliacha shamba la kahawa na akiba ya fedha isiyo kubwa, nasi tulikuwa miongoni mwa waliokabidhiwa kuisimamia mali ile ya mayatima. Baba zake wadogo walikuwa wameshauri kwamba fedha ile inunue pikipiki, kijana aingie kijiweni, awalishe wadogo zake watatu. Mama hakutaka. Alikuwa amesikia watu wakisema kwamba vijana wanakwisha barabarani, na kwamba ingefaa serikali ipandishe umri wa udereva hadi miaka 21. Akatuuliza: "Sheikh, nikimsubirisha mpaka afike 21, atasalimika?"

Kabla hatujafungua kinywa, kijana alisema kwa adabu, macho yakiwa chini: "Sheikh, tumbo halisubiri leseni."

Hatukuwa na jawabu la haraka, na sababu tunaijua wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita tulimkabidhi mwanafunzi wetu wa madrasa, mwenye miaka 16, ufunguo wa pikipiki akatuchukulie mzigo kijiji cha pili. Tulimuuliza kama anajua kuendesha, akasema anajua, nasi tukatosheka. Hatukumuuliza leseni wala hatukumpa kofia ngumu. Mvua ilikuwa imenyesha, na mteremko wa udongo mwekundu ulikuwa kama uliopakwa sabuni. Alivunjika mguu, na mpaka leo anachechemea. Kila tunapomwona anaingia msikitini tunakumbuka kwamba aliyekosa siku ile ni mtu mzima aliyetoa ufunguo. Basi makala hii tunaiandika kama watu wenye deni katika jambo hili.

SHERIA NA HALI ILIVYO

Sheria yetu ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, nayo imeweka miaka 18 kuwa umri wa chini wa kuendesha gari. Bodaboda zilipoenea nchini zilitungiwa kanuni zake za leseni ya usafirishaji mwaka 2010, na tangu mwaka 2019 usimamizi wa usafiri wa nchi kavu umo mikononi mwa LATRA, iliyochukua nafasi ya SUMATRA. Hivyo haiwezi kusemwa kwamba nchi haina sheria.

Ukubwa wa msiba nao unajulikana. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao milioni 1.19 walikufa barabarani duniani kote, na kwamba ajali ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa kati ya miaka 5 na 29. Zaidi ya vifo tisa katika kila kumi hutokea katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, kama yetu. Tunawazika walio katika umri wa kuoa, wa kusoma na wa kutuzika sisi.

HOJA YA WANAOTAKA UMRI UPANDISHWE

Insafu yatutaka tuanze na hoja yao, kwa kuwa ina uzito. Wataalamu wa ubongo wanasema kwamba ile sehemu ya mbele ya ubongo, inayomwezesha mtu kupima hatari na kuzuia pupa, haikamiliki mpaka mtu akaribie miaka 25. Kijana wa miaka 16 aweza kuwa na macho makali na mikono myepesi kuliko babu yake, ila huona hatari ndogo mahali penye hatari kubwa, hasa anapokuwa na wenzake wanaomtazama.

Ushahidi wa nchi nyingine nao upo. Huko Marekani, ambako majimbo mengi huruhusu leseni tangu miaka 16, madereva wa umri huo wamekuwa wakipata ajali nyingi zaidi kwa kila maili wanayoendesha kuliko wakubwa wao. New Zealand, ambako mtoto wa miaka 15 alikuwa akiruhusiwa kujifunza udereva barabarani, ilipandisha umri huo hadi 16 mwaka 2011. Mwenye kusema kwamba umri hauna maana yoyote, basi amepingana na yaliyoonekana.

LAKINI UMRI PEKE YAKE HAUTOSHI

Hata hivyo, tuangalie upande wa pili. Uingereza huruhusu kijana kuendesha gari akiwa na miaka 17, mwaka mmoja chini yetu. Lakini kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2016, Uingereza ilipoteza barabarani watu wapatao 3 katika kila 100,000, Marekani wapatao 12, na Tanzania wapatao 29. Sisi wenye umri mkubwa zaidi kisheria ndio tuliozika wengi zaidi. Kama miaka iliyoandikwa katika sheria ingetosha kuokoa, hesabu hii ingekuwa kinyume chake.

Sababu ya kwanza ni kwamba ugeni wa kazi nao ni hatari, mbali na uchanga wa umri. Dereva mpya, awe na miaka 18 au 30, hukosea zaidi katika miezi yake ya mwanzo, kisha makosa hupungua kadiri anavyozoea. Ukimchelewesha bila kumfundisha, umeihamisha hatari kutoka mwaka mmoja kwenda mwingine. Ndiyo maana New Zealand mwaka 1987 ilianzisha leseni ya hatua kwa hatua: kwanza kujifunza ukiwa na msimamizi, kisha kuendesha peke yako kwa masharti, kama kutoendesha usiku wa manane na kutobeba abiria ovyo, halafu ndipo leseni kamili. Nchi nyingi zimeufuata mwendo huo. Ujerumani nayo humruhusu kijana wa miaka 17 kuendesha gari, mradi mtu mzima mwenye uzoefu awe ameketi naye.

Sababu ya pili ni kwamba misiba yetu mikubwa haikuletwa na watoto pekee. Mwezi Machi mwaka 2015, pale Changarawe, Mafinga, basi la abiria liligongana na lori, kontena likaangukia basi, na watu zaidi ya 40 wakapoteza maisha. Msiba wa namna ile hauelezeki kwa umri wa kuanza udereva. Yanatazamwa mengine: mwendo, uchovu, ubovu wa barabara na ukaguzi wa vyombo.

Sababu ya tatu ni ya hapa kwetu. Kijana wa miaka 15 anayebeba abiria leo ameshaivunja sheria ya 18. Ukiipandisha hadi 21, yeye utakuwa hujamgusa. Utakayemgusa ni yule wa miaka 19 aliyejifunza, akafanya mtihani, akakata leseni kwa haki. Huyo utamrudisha gizani, aendeshe kwa kujificha, bila mafunzo na bila bima, kwa kuwa bima nayo humtaka dereva awe na leseni.

BALEHE NA RUSHDI

Wanazuoni wetu walilijua tofauti hili zamani. Katika Suratun Nisaa, aya ya 6, tunaamrishwa kuwajaribu mayatima mpaka wafikie umri wa kuoa, na tukiona kwao rushdi, yaani uongofu wa akili katika kuendesha mambo, ndipo tuwakabidhi mali zao. Zingatia, ndugu msomaji: umri umetajwa, na rushdi imetajwa, na kabla ya yote hayo limetajwa jaribio. Mafakihi wakakhitalifiana. Wengi walisema asiye na rushdi hakabidhiwi mali hata akizeeka. Imamu Abu Hanifa aliweka kikomo cha miaka 25. Wote hawakuridhika na balehe peke yake. Na ikiwa fedha za yatima zinahitaji rushdi, basi roho ya abiria yahitaji zaidi.

Sira nayo inatuonesha pande zote mbili. Abdallah bin Umar (R.A.) alijitokeza kwenda Uhud akiwa na miaka 14, Mtume (S.A.W.) hakumruhusu. Alipojitokeza siku ya Khandaq akiwa na miaka 15 aliruhusiwa, kama ilivyopokewa na Bukhari na Muslim. Umri ulitazamwa. Lakini Usama bin Zayd (R.A.), aliyekuwa bado hajafika miaka 20, alikabidhiwa uongozi wa jeshi lililokuwa na masahaba wakubwa. Alikuwa kijana, ila alikuwa amelelewa na kujaribiwa.

NYANDA ZETU NA MWENDO WA LAMI

Tuwe wakweli kuhusu hali yetu. Pikipiki hapa si anasa. Ndiyo inayompeleka mama mjamzito zahanati usiku wa ukungu, na ndiyo inayotoa magunia ya maharage na mihogo mashambani kupeleka sokoni Kibondo na Kasulu. Zamani mashimo na tope ndivyo vilivyokuwa trafiki wetu, hakuna aliyeweza kukimbia. Kisha ukaja mradi wa barabara ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu, yapata kilometa 260, uliopata mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika mwaka 2018. Lami ni neema, tunamshukuru Mola. Lakini lami imeondoa breki ya tope kabla hatujatia breki ya nafsi. Wataalamu wanasema kila mwendo wa wastani unapopanda kwa asilimia moja, hatari ya ajali ya kuua hupanda kwa asilimia nne.

Na ni nani anayemkimbiza kijana? Mara nyingi ni hesabu. Tajiri anataka fedha yake kila jioni, mvua inyeshe isinyeshe. Kijana anapakia mishkaki, abiria wawili au watatu, kwa sababu mmoja hamfikishi kwenye hesabu. Nasi abiria tunapanda, tena tunamhimiza aongeze mwendo, kofia ngumu tunaikataa kwa kuwa inaharibu mtandio au ina jasho la mwenzetu, ilhali utafiti umeonesha kwamba kofia hiyo hupunguza vifo vya wapanda pikipiki kwa asilimia 40 hivi na majeraha ya kichwa kwa asilimia 70 hivi. Baada ya hapo tunasema ni kadari. Kadari tunaiamini, lakini mwenye ngamia alifundishwa amfunge kwanza, ndipo ategemee.

DHAMANA NI YA NANI

Mwaka 1993 Baraza la Kimataifa la Fikihi ya Kiislamu, lilipokutana Brunei, lilipitisha uamuzi kwamba kufuata kanuni za barabarani zisizopingana na sharia ni wajibu wa kidini, kwa kuwa ni utii kwa wenye mamlaka katika maslahi ya umma, na kwamba dereva huwajibika kwa madhara anayoyasababisha. Anayeua kwa kukosea ana diya na kafara juu yake, kama ilivyobainishwa katika Suratun Nisaa, aya ya 92. Basi na ajiulize anayempa ufunguo mtoto asiye na leseni: je, mkono wake uko mbali na damu hiyo?

TUFANYE NINI

Rai yetu ni hii. Umri wa miaka 18 ubaki kwa anayejiendeshea mwenyewe, lakini usimamiwe kweli, kijijini kama mjini. Anayebeba abiria kwa malipo asubiri zaidi, angalau miaka miwili tangu apate leseni, awe hana rekodi ya makosa. Hapo ndipo kuongeza miaka kuna faida, kwa kuwa ni miaka ya kujaribiwa na si ya kukaa bure. Mmiliki wa chombo naye aadhibiwe pamoja na dereva wake asiye na leseni. Mafunzo ya VETA na ya madereva wa bodaboda yasogezwe hadi wilayani na kwenye kata, kwa ada ambayo mtoto wa mkulima ataimudu. Vijiwe vyenyewe viwe walinzi, vimkatae aliye mtoto. Na misikiti yetu ilizungumze hili mimbarini kabla ya janaza.

Sasa turejee kwa yule mama. Tulimwambia kwamba miaka 21 haimhakikishii kitu, wala 18 haimwangamizi mwanawe. Tulikubaliana fedha zisiguswe kwanza. Kijana akaingia kwa fundi wa pikipiki ajifunze chombo kabla ya kukipanda, alipwe kidogo cha kununulia chumvi na sabuni nyumbani. Akitimiza 18 asome udereva na kukata leseni. Kisha wasimamizi tukae, tumwangalie anavyotunza muda, fedha na ahadi zake. Tukiiona rushdi, pikipiki itanunuliwa pamoja na kofia mbili, ya kwake na ya abiria.

Baba zake wadogo walinung'unika, na mmoja alituambia tunamnyima yatima riziki yake. Tulimjibu kwamba riziki ya yatima tunayo mkononi, tunaogopa kuulizwa kuhusu uhai wake. Kijana naye alinyamaza kitambo, kisha akauliza ni siku gani aanze kwa fundi.

Tukamwambia Jumatatu. Na yule mwanafunzi wetu wa zamani, anayechechemea, ndiye aliyejitolea kumpeleka.