Msanii wa picha na funzo la bei ya shambani

MKULIMA aliyeuza mahindi wakati wa mavuno, kisha akayaona yakiuzwa kwa bei maradufu miezi michache baadaye, anaijua hasara ya kuuza mapema. Wasanii nao hukumbana na hali hiyo, tena kwa mamilioni.

Njideka Akunyili Crosby alizaliwa Enugu, Nigeria, mwaka 1983, akahamia Marekani mwaka 1999. Alisomea biolojia pamoja na sanaa, kisha akapata shahada ya uzamili ya sanaa katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 2011.

Kazi zake huchanganya picha za kamera, uchoraji na vipande vya kubandika. Hukusanya picha kutoka albamu za familia na majarida ya Nigeria, akazichapisha na kuzilaza kifudifudi juu ya karatasi. Mgongoni hupaka asetoni, kimiminika kilekile cha kuondolea rangi ya kucha, na kusugua mpaka wino uhamie. Kisha huongeza rangi, mkaa na penseli, na wakati mwingine kitambaa. Kwa mbali unaona watu sebuleni. Ukisogea, unaona ukuta na sakafu vimejaa picha ndogondogo.

Kazi ya namna hii ni ya polepole. Kwa mwaka hutoa chache tu, ilhali wanaozitaka ni wengi, yakiwemo majumba ya makumbusho. Bidhaa ikiadimika, bei hupanda.

Novemba 2016, kazi yake "Drown" ya mwaka 2012 ilipigwa mnada na Sotheby's jijini New York kwa takriban dola milioni 1.1. Makadirio ya juu yalikuwa dola 300,000. Fedha zilikwenda kwa muuzaji na kampuni ya mnada, kwani sheria ya shirikisho ya Marekani haimpi msanii fungu kazi yake inapouzwa tena.

Mei 2018 mambo yalikuwa tofauti. Yeye mwenyewe alitoa "Bush Babies" kuchangia jumba la Studio Museum in Harlem, nayo ikaleta takriban dola milioni 3.4. Safari hiyo aliamua mwenyewe fedha ziende wapi.

Kenya ilirekebisha Sheria ya Hakimiliki mwaka 2019 na kumpa msanii asilimia 5 ya bei halisi kazi yake inapouzwa tena kibiashara. Lakini haki hiyo hudaiwa kwa kumbukumbu. Msanii na aweke saini kwenye kazi, aandike jina la mnunuzi, tarehe na bei, na abaki na picha yake.

Kwa mkulima, gunia likishatoka shambani halina asilimia 5. Fungu lake hulipata kabla ya kuuza: kwa kukausha vizuri, kuhifadhi ghalani, na kuuza pamoja na wenzake kupitia ushirika.