Magongo ya Kewell na mechi inayochezwa baada ya dakika 90

KAISERSLAUTERN, Ujerumani, Juni 26, 2006. Australia wanajiandaa kuwavaa Italia kwenye hatua ya 16 bora ya Kombe la Dunia, halafu Harry Kewell anatokea akitembea kwa magongo.

Siku nne nyuma, kule Stuttgart, ni huyuhuyu aliyewaliza Croatia. Alisawazisha dakika ya 79, ubao ukasoma 2-2, Australia wakapenya. Sasa staa huyo wa Liverpool hawezi hata kukanyaga. Taarifa ya kwanza iliyotoka kambini ilisema ni gauti, ule ugonjwa ambao wazee wa Kiswahili wanauita jongo.

Bila yeye Australia walikomaa. Marco Materazzi alikula kadi nyekundu dakika ya 50, Italia wakabaki pungufu, lakini dakika ya tano ya nyongeza Francesco Totti akawamaliza kwa penalti. Italia wakaenda zao mpaka wakabeba ndoo.

Mashabiki walibaki wanaulizana. Gauti? Si ugonjwa wa mabosi wenye vitambi, nyama choma na bia? Inampataje winga wa Ligi Kuu ya England?

Baadaye ilibainika kwamba kilichomtesa Kewell kilikuwa kitu kingine, na kitu hicho tutakifikia. Lakini swali la mashabiki lina jibu, na jibu lenyewe ni ndiyo, hata mchezaji aliye fiti anaweza kupata gauti.

Iko hivi. Msuli hauendeshwi moja kwa moja na ugali. Unaendeshwa na kitu kinaitwa ATP, ambacho ni nyukleotidi, ndugu wa damu wa zile herufi zinazoandika DNA. Winga anapochomoka pembeni, ATP inakatwa, nguvu inatoka, kisha mabaki yanarudishwa chaji haraka sana. Mbio moja, mbili, hakuna shida. Tatizo ni pale mbio zinapofuatana na chaji ikashindwa kwenda na kasi. Hapo msuli unafanya uamuzi mgumu: unayachukua yale mabaki na kuyanyofoa naitrojeni, inatoka amonia. Ndiyo maana damu ya mchezaji aliyetoka kucheza mechi ngumu huwa na amonia nyingi kuliko alivyoingia uwanjani.

Sehemu kubwa ya mabaki hayo hurudishwa kazini, maana mwili ni bahili. Lakini mengine yanavuja kutoka kwenye msuli, yanaingia kwenye damu na kuishia kuwa asidi ya uriki. Yakifika hapo hakuna kurudi. Msuli unalazimika kutengeneza nyukleotidi nyingine upya, kazi inayoweza kuchukua siku kadhaa. Kocha anayewapigisha wachezaji mbio za kufa mtu asubuhi baada ya mechi ya usiku, eti kuwakomesha kwa sababu wamefungwa, ajue anakamua ng'ombe ambaye hajala.

Peter Krustrup, Jens Bangsbo na wenzao wa Denmark walilichungulia jambo hili kwa karibu. Bangsbo si mtu wa maabara tu, amewahi kukaa benchi la ufundi la Juventus chini ya Marcello Lippi. Kwenye utafiti walioutoa mwaka 2006 walichukua vipande vidogo vya nyama ya paja kutoka kwa wachezaji wa daraja la nne waliokuwa wanacheza mechi za kirafiki. Filimbi ya mwisho ilipolia, karibu nusu ya nyuzi za msuli zilikuwa zimeishiwa, au karibu kuishiwa, akiba ya sukari. Shabiki anayepiga kelele jukwaani kwamba straika mvivu dakika ya 85, ndiyo hicho anachokiona.

Turudi kwenye uriki. Mbwa na ng'ombe wana kimeng'enya cha kuivunja zaidi, inatoka kirahisi. Binadamu hatuna. Kwetu inategemea figo kwa kiasi kikubwa, na ikizidi kwenye damu inaganda kuwa chembe zenye ncha kama sindano, zinazopenda kutua kwenye kidole gumba cha mguu. Maini, figo na dagaa vinaiongeza, sukari ya soda nayo imo. Bia ina makosa mawili, inaleta mzigo na papo hapo inazizuia figo kuutoa. Mchezaji aliyekaukiwa maji akaenda kusherehekea ushindi kwa kreti na supu ya maini anajitafutia. Lakini asilaumiwe kwa kila kitu, kwa sababu sehemu kubwa ya uriki inatokana na mwili wenyewe, na wengine wamezaliwa na figo zinazoitoa taratibu.

Wenzetu wa protini nao wana mechi yao. Protini imejengwa kwa amino asidi 20. Hesabu yake mtu wa mpira ataipenda: 11 mwili wa mtu mzima unajitengenezea wenyewe, kikosi kamili cha nyumbani. Tisa zilizobaki lazima zisajiliwe kutoka nje, yaani kwenye sahani. Na dirisha la usajili halifungwi, kwa sababu kila siku mwili unabomoa na kujenga upya gramu 200 hadi 300 za protini. Mmoja wa tisa asipofika, ujenzi unakwama.

Mahindi yana upungufu wa amino asidi inayoitwa laisini. Maharage yanayo ya kutosha, ila yenyewe yamepungukiwa methionini, ambayo mahindi yanayo. Ugali na maharage ni mawinga wawili, mmoja anakaba pale mwenzake alipopanda. Wachezaji wengi wanakidharau chakula hiki siku wakisaini mkataba wa kwanza, wanahamia kwenye makopo ya unga wa amino asidi yenye picha ya mtu amejaa misuli.

Kopo si sumu. Asiyepata protini ya kutosha litamsaidia. Lakini mwili hauna ghala la amino asidi kama lile la mafuta. Zikizidi, ini linazinyofoa naitrojeni, inageuzwa urea, inatoka na mkojo. Njia hiyo ya urea iligunduliwa na Hans Krebs na Kurt Henseleit pale Freiburg mwaka 1932. Mwaka uliofuata Wanazi walimfukuza Krebs kazini kwa sababu ni Myahudi, akakimbilia Uingereza na baadaye akaweka makazi Sheffield, mji wa Sheffield FC, klabu kongwe kuliko zote duniani, ya mwaka 1857. Kwa lugha ya vijiweni, mchezaji aliyeshiba nyama, samaki na maharage halafu akaongeza makopo matatu, anakojoa mshahara.

Kinyume chake ni hatari zaidi. Dogo anayekimbia asubuhi kwa chai ya rangi, akafanya mazoezi jioni na kulalia chipsi, mwili unatafuta naitrojeni na sukari popote. Unaipata kwenye paja lake. Amino asidi zinang'olewa kwenye msuli, zinapelekwa kwenye ini kutengenezwa sukari ya kulisha ubongo. Anafanya mazoezi mara mbili kwa siku na miguu inazidi kukonda, halafu mtaani wanasema amerogwa.

Na Kewell? Madaktari waligundua ni maambukizi ya bakteria ndani ya kiungo. Kwa macho, mguu wa gauti na mguu wa bakteria vinafanana: mwekundu, una moto, haugusiki. Dawa zake ni tofauti kabisa. Gauti inatulizwa kwa dawa za uvimbe, na inayojirudia ina allopurinol, dawa iliyotoka mikononi mwa Gertrude Elion na George Hitchings, waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 1988. Bakteria wanataka antibiotiki haraka, vinginevyo wanakula gegedu na kiungo kinaharibika moja kwa moja.

Kinachotenganisha ni sindano. Daktari anavuta maji kidogo kwenye kiungo na kuyaweka chini ya darubini, anaangalia kama kuna zile chembe zenye ncha au wadudu. Kuchua kwa maji ya moto na mafuta pembeni ya uwanja, kama inavyofanyika kwenye timu nyingi za mchangani, hakuwezi kuonyesha ni kipi kati ya hivyo viwili.