Boti ya Faiba na Ngozi Yake ya Nusu Milimita

Sifa inayoiuza boti ya faiba kuliko zote ni kwamba haiozi. Haina mbao za kuliwa na funza wa baharini, haina maungio ya kuzibwa kwa pamba, na mwenye nayo haamki alfajiri akakuta ngama imejaa maji. Kwa mvuvi aliyekulia kwenye mashua au ngalawa, hilo si jambo dogo. Chombo cha mbao humdai mwenyewe kila msimu: kukipweleza, kukikwangua, kukichoma chini kwa makuti ili wadudu wafe, kukikalafati, kukipaka deheni chini na mafuta ya sifa juu. Katika miaka ya karibuni Serikali ya Tanzania imekuwa ikiwakopesha wavuvi na wakulima wa mwani boti za faiba kwa masharti nafuu, na ni rahisi anayekabidhiwa chombo hicho kuamini kwamba kazi zote hizo amezipa kisogo. Ukweli ni kwamba faiba haiozi lakini huchakaa, na uchakavu wake hauonekani mpaka umefika mbali. Tena mkono unaoiharibu mapema mara nyingi ni ule ule unaoisafisha.

Ili kulielewa hilo inafaa kujua boti hizi zinavyoundwa. Mmarekani Ray Greene wa jimbo la Ohio alitengeneza boti ya nyuzi za kioo na rezini ya poliesta mwaka 1942, na namna ya kuziunda haijabadilika sana tangu hapo. Fundi huanza na kalibu, na huunda boti kutoka nje kwenda ndani. Kwanza hupaka ndani ya kalibu tabaka la rangi nzito linaloitwa jelikoti. Likishaanza kukauka hulaza juu yake mikeka ya nyuzi za kioo, tabaka baada ya tabaka, akiilowesha kwa rezini iliyochanganywa na hadina, dawa ya kuigandisha. Nguvu yote ya boti imo katika nyuzi na rezini. Jelikoti haibebi mzigo wowote. Kazi yake ni kuwa ngozi. Ndiyo inayong'aa, ndiyo inayopigwa na jua, ndiyo inayozuia maji yasizifikie nyuzi. Unene wake ni kama nusu milimita. Boti huwa na ngozi hiyo moja tu, na kila kinachosuguliwa juu yake huondoka moja kwa moja.

Jua ndilo linaloanza kuishambulia. Mionzi yake huvunja rezini iliyo juu kabisa, rangi hupauka, na ukipitisha kiganja ubavuni unatoka na unga mweupe kama wa chaki. Huku kwetu karibu na Ikweta hali hiyo huja mapema kuliko katika nchi za baridi ambako boti nyingi hukaa chini ya paa nusu mwaka. Unga wenyewe hauzamishi chombo, lakini huacha vinyweleo wazi, na vinyweleo hivyo hushika damu ya samaki, mafuta ya mashine na uchafu wa bandarini. Hapo mwenye boti huona kwamba sabuni haitoshi, akachukua mchanga na makumbi ya nazi, au waya wa kusugulia masufuria, au asidi. Boti hung'aa siku ile. Baada ya wiki chache inachafuka upesi kuliko mwanzo, kwa sababu amezidisha mikwaruzo inayoshika uchafu, naye anasugua tena kwa nguvu zaidi. Mzunguko huo ukiendelea misimu kadhaa, nyuzi huanza kuonekana.

Maji nayo yana njia yake. Jelikoti huzuia maji lakini haiyazuii yote. Chembe za maji hupenya polepole sana, na joto huongeza kasi yake. Yakifika ndani hukuta masalia ya kemikali ambazo hazikukauka vizuri siku ya uundaji, huyayeyusha na kufanya kimiminika kikali kilichokolea. Kilichokolea huvuta maji zaidi kutoka nje, shinikizo hupanda, na jelikoti huinuka malengelenge. Ukilitoboa lengelenge kama hilo hutoka majimaji yenye harufu inayofanana na siki. Jambo ambalo wengi hawalitarajii ni kwamba maji baridi, yasiyo na chumvi, ndiyo hatari zaidi kwa ugonjwa huu. Maji ya bahari yenyewe yamekolea chumvi, kwa hiyo mvuto kati ya nje na ndani hupungua; ya ziwa ni mepesi, mvuto huwa mkubwa. Mwenye boti ya faiba katika mwalo wa Ziwa Victoria au Tanganyika asijifariji kwamba hana chumvi ya kumsumbua. Kuihifadhi boti majini mwaka mzima bila kuipandisha ikauke kunamgharimu kuliko mwenzake wa Kilwa.

Kwa sababu hizo, kanuni ninayoitetea ni kuosha kwa upole na mara kwa mara, badala ya kusugua kwa nguvu mara mbili kwa mwaka. Uchafu wa leo hutoka kwa maji, sabuni laini ya maji na sifongo. Damu na magamba ya samaki yakioshwa kabla hayajakauka hayadai kingine. Doa la kutu kutoka kwenye msumari au nanga hulegea kwa maji ya ndimu au limau yakiachwa dakika chache kisha kusuuzwa vizuri. Jiki halisaidii kutu, na likizoeleka hudhoofisha jelikoti. Mashine ya kuoshea magari isisogezwe karibu, hasa penye ufa au ukingo uliochubuka, maana maji yenye shinikizo huingia chini ya jelikoti na kuibandua. Baada ya kuosha na kukausha, nta ya boti, au hata ya gari isiyo na chembe za kusugulia, ipakwe walau mara mbili kwa mwaka. Nta huziba vinyweleo na kuchukua kipigo cha jua badala ya jelikoti, na uchafu hukosa pa kushika.

Chini ya mstari wa maji hoja ina uzito mwingine, nao ni mafuta. Ripoti ya Shirika la Kimataifa la Bahari kuhusu meli ilionyesha kwamba utelezi wa unene wa nusu milimita tu, ukifunika nusu ya sehemu iliyo majini, unaweza kuongeza hewa chafu ya meli kwa robo au zaidi, na hewa chafu hutokana na mafuta yaliyoungua. Boti ndogo si meli na hesabu yake haiwezi kulingana, lakini msuguano ni ule ule, na petroli hununuliwa kwa fedha za mvuvi mwenyewe. Utelezi huo ukipanguswa ukiwa bado laini, kitambaa kinatosha. Ukiachwa, mwani huota, kisha huja vijidudu vyenye magamba, na hao hawatoki bila kukwanguliwa.

Yupo atakayesema kwamba haya ni matunzo ya boti za matajiri. Ulaya na Marekani kuna boti za faiba zilizoundwa miaka ya 1960 ambazo bado zinaelea, nyingine zikiwa zimetelekezwa miaka mingi. Kuna haja gani ya kuhangaika? Ni kweli zipo. Boti za zama zile ziliundwa nene mno kwa kuwa wahandisi hawakuwa na uhakika wa nguvu ya faiba, na nyingi hazikuburutwa juu ya mchanga na matumbawe kila siku. Boti ya uvuvi ya leo huundwa nyembamba ili iwe nyepesi na nafuu. Mkuku wake hulika kila inapopandishwa pwani, na nyuzi zikishakuwa wazi hunyonya maji kwa urefu wake wote. Atakayesema maji ya kunywa hayatoshi, sembuse ya kuoshea boti, ana hoja nzito zaidi, kwani visiwa vingi vidogo hununua maji kwa ndoo. Lakini sifongo na ndoo moja huifuta boti ndogo nzima, na chumvi ikiwa juu tu si adui mkubwa. Na kinachozuia jua kwa bei ndogo kuliko nta ni kivuli: banda la makuti, au turubai lililoinuliwa ili hewa ipite. Kama fedha inatosha kitu kimoja tu, ningesema kiwe kivuli.

Kuna mahali ambapo hata ile sifa ya kutooza haina ukweli. Boti nyingi huwa na ubao wa plaiwudi uliofunikwa kwa faiba pale tezi, mashine inapofungwa. Kila tundu la bolti lisilozibwa vizuri hupeleka maji kwenye ubao huo, nao huoza gizani wakati nje kunang'aa. Njia ya kupima ni rahisi: pagongwe kidogo kwa mpini wa bisibisi. Panapolia kwa sauti kali ni pazima. Panapoitikia kwa sauti iliyokufa, maji yameingia. Maji ya mvua yanayoachwa ndani wakati wa masika nayo hudhuru. Upande wa ndani mara nyingi hauna jelikoti, ni rezini na nyuzi tupu, na maji yasiyo na chumvi hutuama hapo wiki nzima. Boti iliyopandishwa iinuliwe omo, kizibo kitolewe, maji yatoke yenyewe.

Kukwangua na kupiga msasa ni kazi inayohitaji tahadhari ambayo deheni haikuwahi kuihitaji. Vumbi lake ni kioo na plastiki. Huwasha ngozi na kudhuru mapafu, na anayeifanya bila barakoa anajiumiza. Vumbi hilo pia haliishii pwani. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brighton walitangaza kwamba wamekuta vipande vya nyuzi za faiba ndani ya chaza na kome wa bandari ya Chichester, Uingereza, mahali penye boti nyingi zinazokarabatiwa kando ya maji. Rangi za kuzuia viumbe kuota nazo zina historia yake: zile zenye kemikali ya TBT zilidhuru konokono na chaza kiasi kwamba mkataba wa kimataifa wa kuzipiga marufuku ulipitishwa mwaka 2001 na kuanza kutumika 2008. Za siku hizi hutegemea zaidi shaba, nayo haikosi madhara. Boti inayopwelewa kila siku, ikakauka juani na kufutwa, kwa kawaida haihitaji rangi hiyo kabisa. Inayolala majini inaihitaji, na msasa wake upigwe ukiwa umelowa maji, mbali na mstari wa maji kujaa, juu ya turubai litakalokusanya matope yake.

Ndiyo maana mkopo wa boti ungepaswa kukabidhiwa pamoja na vitu vichache ambavyo bei yake haifikii hata sehemu ndogo ya bei ya mashine: kopo la rezini na hadina yake, kipande cha mkeka wa nyuzi, turubai, na siku mbili za mafunzo kwa kijana mmoja wa kila diko. Tunao mafundi wa kalafati waliorithishwa kazi na baba zao, na wanajua kusikiliza chombo na kukisoma. Hao wangekuwa wa kwanza kufundishwa. Ufa mdogo wa jelikoti ukizibwa wiki ile ile ni kazi ya jioni moja. Ukiachwa mpaka msimu wa kusi upite, fundi atalazimika kukata faiba iliyolowa, kungoja ikauke kwa wiki kadhaa, na kuijenga upya sehemu nzima, huku marejesho ya mkopo yakiendelea kudaiwa na boti ikiwa juu ya magogo.