Gia Sahihi Mlimani Huokoa Mafuta na Maisha

Kila mwezi Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) hutangaza bei kikomo za mafuta. Dereva hana uwezo wa kuibadili bei hiyo, lakini matumizi sahihi ya gia humwezesha kupunguza kiasi cha mafuta anachotumia, hususan katika miinuko kama Mlima Kitonga, mkoani Iringa.

Injini hupimwa kwa nguvu mbili ambazo wengi huzichanganya. Ya kwanza ni nguvu ya kuzungusha, inayopimwa kwa nyutoni-mita. Hiyo ndiyo inayovuta mzigo. Ya pili ni nguvu farasi, inayoonesha kazi hiyo inafanyika kwa haraka kiasi gani. Kwa mfano, injini yenye nguvu ya kuzungusha ya nyutoni-mita 1,000 ikiwa kwenye mizunguko 1,200 kwa dakika hutoa takribani nguvu farasi 170. Ikifikisha mizunguko 2,000 bila nguvu hiyo ya kuzungusha kupungua, hutoa takribani 280.

Lori linapopanda Kitonga na mizunguko ya injini ikaanza kushuka, dereva anapaswa kupunguza gia mapema. Gia ya chini huongeza nguvu ya kuzungusha inayofika kwenye magurudumu na kuirejesha injini katika mizunguko inayoimudu kazi. Kung'ang'ania gia ya juu huku mafuta yamekanyagwa hadi mwisho huilemea injini. Hata hivyo, kubaki katika gia ya chini kwenye barabara tambarare nako ni hasara, kwa kuwa injini huzunguka mara nyingi zaidi kwa umbali uleule.

Wakati wa kuteremka, baadhi ya madereva huweka gari nyutro wakiamini kuwa wanaokoa mafuta. Imani hiyo si sahihi. Katika injini nyingi za kisasa zinazodhibitiwa kielektroniki, gari likiwa kwenye gia na mguu ukiwa umeondolewa kwenye pedeli ya mafuta, mafuta hukatwa. Likiwa nyutro, injini huendelea kuyatumia ili isizimike. Zito zaidi ni kwamba gari lililo nyutro halizuiwi na injini. Breki hubeba mzigo wote, hupata moto na huweza kushindwa kushika.

Madereva wanakumbushwa kuingiza gia ya chini kabla ya kuanza mteremko, kwani lori likishashika kasi huweza kuikataa gia hiyo.