Jinamizi lilivyotaka kunigombanisha na jirani yangu

ILIKUWA yapata saa tisa usiku, mwaka 2010, nilipofumbua macho nikashindwa kuinua hata kidole. Nilikuwa nimelala chali. Mlangoni alisimama mtu. Akasogea taratibu, akanikalia kifuani, pumzi ikanibana. Nilitaka kumwita mke wangu aliyelala ubavuni kwangu, sauti haikutoka.

Ghafla mwili ukaachia. Mtu hakuwepo, na mlango ulikuwa na komeo lake kama nilivyouacha. Lakini sura nilikuwa nimeishika: ilikuwa ya mzee tuliyegawana naye shamba.

Warejeaji wenzangu wa Nyanza-Lac na Rumonge wanaijua hadithi hii, lakini nitaieleza kidogo. Wazazi wangu walikimbia Burundi mwaka 1972. Mimi nilizaliwa katika makazi ya Katumba, karibu na Mpanda, nikasoma shule za Tanzania tangu darasa la kwanza mpaka ualimu. Baba alizikwa hukohuko. Mwaka 2009 tulipanda treni mpaka Kigoma, kisha magari yakatuvusha mpaka. Shamba la michikichi alilokuwa akitusimulia baba tulilikuta lina mwenyewe, mzee aliyeishi hapo zaidi ya miaka 30, na wajukuu wake. Baada ya vikao vingi tuligawana nusu kwa nusu. Mpaka wetu ukawa mstari wa mihogo, na nyumba zikatazamana.

Kabla ya usiku ule kulikuwa na jambo jingine. Usingizi ukianza tu kunichukua, nilisikia mlio mkubwa ndani ya kichwa, kama bunduki iliyofyatuliwa sikioni, na mara nyingine mwanga mweupe. Nikikurupuka, nje kimya, hata mbwa hawabweki. Maumivu hakuna, ila moyo unakwenda mbio. Katika nchi iliyotoka vitani, nani hangedhani ni risasi?

Mama aliposikia yote mawili hakusita.

"Mwanangu, umetupiwa kitu. Anataka na ile nusu yetu."

Mganga akaitwa. Alitaka mbuzi na fedha, na kabla chai haijaisha alikuwa ameshanyoosha kidole upande wa pili wa mihogo.

Nakiri kwamba niliamini. Mwalimu mzima, mwenye cheti chake ukutani, nilianza kupanga maneno ya kusema mbele ya wazee wa Bashingantahe. Na wasomaji mnajua neno "mchawi" likishatamkwa kilimani halirudi mdomoni.

Mwaka 1995, nikiwa mwanafunzi, tulisikia habari za Popobawa, aliyesemekana kuwavamia watu usingizini kule Pemba na Unguja. Familia zililala nje kwa makundi, moto ukiwaka. Mjini Unguja mtu mmoja mgonjwa wa akili aliuawa na umati uliomdhania kuwa ndiye. Wakati ule niliwacheka Wazanzibari.

Aliyenizuia ni shemeji yangu, mama wa biashara ya dagaa na vitenge kati ya Kigoma na huku kwetu.

"Shemeji, huo mlio hata mimi nausikia," aliniambia. "Nikikesha siku mbili nasubiri boti, halafu nikajilaza gesti. Sasa kule Kigoma nagombania shamba na nani?"

Sikuwa na jibu. Jioni ile nilivuka mihogo, nikamkuta mzee anamenya ndizi. Nilimweleza kila kitu, isipokuwa sura niliyoiona. Aliweka kisu chini.

"Mwalimu, mimi hukabwa tangu mlipofika," alisema. "Anasimama pale mlangoni, hana sura. Lakini najua ni baba yako, amekuja kudai."

Tulikaa kimya muda mrefu. Yeye hakuwahi kumwona baba yangu hata siku moja.

Baadaye nilitafuta maelezo ya wataalamu. Mwaka 1953 Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walieleza hatua ya usingizi ambayo macho huchezacheza chini ya kope. Ndiyo hatua ya ndoto nyingi nzito. Wakati huo ubongo huilegeza misuli ya mikono na miguu, ili mtu asiinuke akapigana na ndoto yake. Macho huendelea kufanya kazi, na msuli mkuu wa kupumulia pia.

Ikitokea akili imeamka kabla mwili haujafunguliwa, mtu hukiona chumba chake halisi, na ndoto inaendelea humohumo. Kifua hubana kwa sababu ukijaribu kuvuta pumzi ndefu kwa nguvu, misuli mingine haikutii. Hali hiyo hudumu sekunde chache, au dakika chache. Mgeni ni wa ndoto. Sura yake, nadhani, humpa mwenye kitanda.

Wala si ugonjwa wa watu wa ziwani. Brian Sharpless na Jacques Barber walikusanya tafiti nyingi mwaka 2011, wakakuta karibu watu 8 katika kila 100 wamewahi kupatwa, na kwa wanafunzi ni 28. Devon Hinton na wenzake, mwaka 2005, waliandika kuhusu wakimbizi wa Kambodia walioko Marekani. Waliobaki na majeraha ya vita moyoni ndio waliokabwa zaidi, na kwa lugha yao huo ni mzimu unaokandamiza.

Ule mlio nao ulielezwa na daktari Mmarekani, Silas Weir Mitchell, mwaka 1876. Katika miaka ya 1980 Mwingereza J.M.S. Pearce akauita "kichwa kulipuka", jina linalotisha kuliko jambo lenyewe. Wataalamu wanadhani ubongo, badala ya kuzimika taratibu, hufyatuka kwa pamoja katika sehemu za kusikia.

Vyote viwili huchochewa na kukosa usingizi, wasiwasi na kulala ovyo. Kukabwa huwapata zaidi waliolala chali. Wafanyabiashara mnaovuka Mugina na Manyovu alfajiri baada ya kukesha na mizigo, mnajijua. Lakini anayesinzia mchana bila kutaka, anayeishiwa nguvu za magoti akicheka, au anayeamka ameuma ulimi, huyo aende hospitali.

Mbuzi hakutolewa, na mama alinuna wiki mbili. Mimi nilianza kulala mapema, kwa ubavu, nikakabwa mara chache zaidi, kisha ikapita miezi bila kitu. Mzee naye nilimfundisha. Mpaka alipofariki mwaka 2018, kila asubuhi salamu yake kutoka upande wa pili wa mihogo ilikuwa moja:

"Mwalimu, leo umelalia ubavu gani?"