Ndugu wawili wakifa ghafla

Huku kwetu Ufipa kaka akianguka shambani na kufa akiwa na miaka 42, na mdogo wake akamfuata kabla ya 50, kikao cha ukoo huanza kumtafuta mchawi. Mara nyingi lawama humwangukia shangazi mzee asiye na mtetezi. Kabla ya kumnyoshea kidole, ulizeni kwanza: baba yao alifariki na umri gani?

Upo ugonjwa wa kurithi ambao ini hushindwa kuondoa vizuri mafuta ya kolesteroli katika damu. Mafuta hayo hujijenga katika mishipa ya moyo tangu utotoni, mpaka siku moja mshipa unaziba. Mgonjwa aweza kuwa mwembamba, mkulima hodari, asiyegusa sigara. Mzazi mmoja akiwa nao, kila mtoto ana nafasi moja kati ya mbili ya kuurithi. Si kila kifo cha ghafla ni huo. Shinikizo la damu huua wengi zaidi.

Wengine huota uvimbe mgumu kwenye mshipa mnene ulio juu ya kisigino. Wengi hawana dalili yoyote. Basi ndugu wa damu wa marehemu, pamoja na watoto wake, waende hospitali wakaombe kupimwa kolesteroli. Vidonge vya statini, vikimezwa kila siku kwa maelekezo ya daktari, huishusha.