Mkataba Umeisha, Hesabu Haijaisha

Kijana mmoja wa bodaboda, wa kijiwe cha Majengo jijini Dodoma, alimaliza zamani mkataba wake wa kumlipa tajiri hesabu ya kila siku hadi pikipiki iwe yake. Kadi ya pikipiki ina jina lake na tajiri, aliyeinunua, hamdai kitu. Hata hivyo, kila jioni bado anatoa hesabu. Jambo hilo lilinikaa kichwani hadi nikamfuata kumuuliza anamlipa nani.

Anajilipa mwenyewe. Shilingi 10,000 ileile aliyokuwa akimpelekea tajiri huiweka kwenye simu kabla hajanunua chakula, kisha huihamishia kwenye mfuko wa uwekezaji wa UTT AMIS. Sababu zake amezipanga vizuri. Shilingi 10,000 kwa siku, kwa mwaka bila kuruka, ni 3,650,000. Wakati wa mkataba aliugua, alinyeshewa, alikosa abiria, na hesabu ilitoka tu. Kama hofu ya kunyang'anywa pikipiki iliweza kumbana kiasi hicho, anauliza, mali yake mwenyewe inakosaje heshima hiyo? Tena anakumbusha kwamba pikipiki huwa ya dereva wakati injini imeshaanza kuchoka. Anayetumia mapato yote sasa anaila pikipiki yenyewe, kidogo kidogo.

Somo la pili amelipata njiani. Tangu wizara zihamie Mji wa Serikali, Mtumba, takriban kilomita 17 kutoka katikati ya jiji, abiria wa asubuhi hawakosekani, ila kurudi mara nyingi ni bila abiria. Vijana wapya hufurahia nauli ya kwenda. Yeye hupatana bei akiwa ameshaingiza mafuta ya kurudi. Kila biashara anayoletewa huipima hivyohivyo: kabla ya faida, huuliza akitaka kutoka atatokaje, na itamgharimu nini. Kiwanja cha bei poa kisicho na hati alikikataa kwa swali hilo.

Kwa sehemu ya akiba amenunua mbuzi, wanaotunzwa na mjomba wake kijijini. Hapo anafuata busara ya zamani ya uwanda huu wa ukame. Peter Rigby, katika kitabu chake cha 1969 kuhusu Wagogo, alieleza jinsi wafugaji walivyowaweka ng'ombe kwa watu wa sehemu mbalimbali, ili ukame au ugonjwa usimalize zizi lote kwa mkupuo.

Nidhamu ya kijana huyu naiheshimu kwa moyo wote, na ningependa wengi waige. Lakini ilizaliwa ndani ya mkataba uliombana yeye peke yake. Siku aliyolala na homa huku hesabu ikidaiwa, tajiri alipaswa kubeba kiasi gani? Anayenyang'anywa pikipiki akiwa amebakiza malipo machache, fedha alizokwisha kulipa ni za nani? Vijana tunawafundisha kuweka akiba katika kila semina. Mikataba yao tutakaa nao kuisoma lini?